Pedali ya gitaa ipimwe ukumbini, isipimwe kwa wingi wa efekti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nichangie makala ya burudani mliyoichapisha majuma mawili yaliyopita, iliyowaelekeza vijana namna ya kuchagua pedali ya efekti nyingi, yaani kifaa cha kukanyaga kinachobadilisha mlio, kwa ajili ya gitaa la umeme. Nimepiga solo kwa miaka 23, kwanza katika bendi ya dansi na sasa katika kwaya ya kanisa hapa Morogoro, na nimefurahi kuona gazeti linaligusa jambo ambalo kwa kawaida huishia kwenye mazungumzo yetu ya nyuma ya jukwaa. Hata hivyo makala ile iliipima kila pedali kwa idadi ya efekti zake na kuhitimisha kwamba yenye nyingi ndiyo bora. Hapo ndipo ninapotofautiana nayo, kwa sababu kipimo hicho kimewafanya vijana ninaowafahamu watumie akiba ya mwaka mzima kununua kitu ambacho hakiwafai Jumapili asubuhi.

Mwenye kununua pedali anapaswa kwanza ajiulize sauti yake itatokea wapi. Katika nchi zilikoanzia pedali hizi, gitaa huingia kwenye amplifaya yake lenyewe, na mitambo ya ukumbi huipokea sauti ikiwa imekwisha kuiva. Kwetu, ukiacha bendi chache zenye uwezo, mpiga gitaa huvuta waya wake hadi kwenye mikisa (mtambo wa kuchanganyia sauti), akapewa chaneli iliyo kati ya kinanda na maikrofoni ya mchungaji, na sauti yake ikatoka katika spika zilezile zinazobeba mahubiri. Tofauti hiyo si ndogo. Spika ya gitaa, ile ya inchi 12 tuliyozoea kuiona ndani ya amplifaya, huzipunguza kwa kasi sauti za juu zinazopita takriban hezi 5,000 (mitetemo kwa sekunde), na upungufu huo ndio unaoifanya distoshoni, yaani mlio wa kukwaruza, isikike nzito na yenye kupendeza. Spika ya mitambo, kwa kuwa ina honi ya sauti za juu, huzipeleka zote hadi karibu na hezi 20,000. Distoshoni ambayo haikupita popote penye tabia ya spika ya gitaa, ikifika kwenye honi ile, husikika kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe.

Dawa yake imo ndani ya pedali nyingi za sasa, nayo ni sehemu inayoiga amplifaya pamoja na kabineti (sanduku) ya spika. Sehemu hiyo ikiwa imewashwa, gitaa lililochomekwa kwenye mikisa husikika kama lililowekewa maikrofoni mbele ya amplifaya halisi. Boss GT-1, iliyotoka mwaka 2016, ina mahali katika menyu yake ambapo mtumiaji huitaarifu pedali inaunganishwa na nini, kama ni amplifaya au ni laini, yaani njia ya mikisa, na hedifoni. Zoom G1 Four nayo ina amplifaya za kuigwa pamoja na kabineti zake. Pedali za bei ya juu kama HX Stomp ya Line 6 hupokea hata faili zilizorekodiwa kutoka kwenye kabineti halisi, ambazo mpigaji anaweza kuzipakia mwenyewe. Haya ndiyo mambo ambayo makala ile ingeyaweka katika aya yake ya kwanza, lakini hayakutajwa hata kwa sentensi moja.

Niruhusu nieleze nilichokiona kwa macho yangu. Mwaka jana niliitwa katika usharika jirani kumsaidia kijana ambaye kamati ya kwaya ilikuwa imemkataza kupiga gitaa kwa sababu lilikuwa linaumiza masikio ya waumini. Nilipofika, mazoezi yalikuwa yanaendelea, na bibi mmoja aliyekaa safu ya mbele alikuwa ameziba masikio yake kwa ncha za khanga. Pedali ya yule kijana ilikuwa mpya na nzuri, na sanduku lake lilijisifu kwa efekti zaidi ya mia moja. Nilipiga magoti sakafuni, nikafungua menyu, nikaona kwamba pedali ilikuwa imeelezwa kuwa inaingia kwenye amplifaya, na kwa hiyo ilikuwa imezima kabineti yake. Niligeuza mpangilio huo ukawa wa laini, nikashusha gein (kiasi cha distoshoni) kutoka 80 hadi 35, nikamwomba apige wimbo uleule. Kabla ubeti wa pili haujaisha, bibi yule alikuwa ameachia khanga yake, na mwalimu wa kwaya akaniuliza nimeongeza efekti gani. Sikuwa nimeongeza efekti yoyote.

Kuna faida nyingine ya pedali ambayo watu hawaifikirii. Pikapu za kawaida za gitaa (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi), zisizotumia betri, hutaka kukutana na ukinzani mkubwa wa umeme, karibu omu milioni 1, ilhali tundu la laini la mikisa huwa na omu elfu kumi au ishirini hivi. Gitaa likichomekwa humo moja kwa moja, sauti zake za juu humezwa, likabaki butu, kisha fundi mitambo akaongeza trebo hadi mwisho na kuleta kelele. Pedali ikikaa katikati hulimaliza tatizo hilo, hata kama hakuna efekti iliyowashwa. Kwa sababu hiyo mimi humshauri kijana asiye na fedha nyingi anunue pedali ndogo ya heshima kuliko kununua gitaa la pili.

Katika jambo hilohilo la kuunganisha, nawaomba wasomaji wawe makini na waya. Zipo pedali ambazo tundu lake la kutolea sauti ndilo pia tundu la hedifoni, na tundu la aina hiyo hutoa sauti mbili, ya kushoto na ya kulia. Mtu akichukua waya wenye jeki za stereo, zile zenye sehemu tatu za chuma, na kuuchomeka kwenye chaneli moja ya mikisa, mikisa huzitoa sauti hizo moja kutoka kwa nyingine, na kila kilicho sawa pande zote mbili hufutika. Kinachobaki ni mwangwi wa mbali, kana kwamba gitaa liko kisimani. Nimewahi kumwona fundi mzuri akihangaika nusu saa kwa sababu hii, akibadilisha chaneli na spika, wakati waya wa kawaida wa gitaa ungemaliza kazi. Kama pedali ina matundu mawili, ule upande wa kushoto, ambao kwa kawaida huandikwa pia mono, ndio wa kutumia unapokuwa na chaneli moja.

Sasa nizungumzie umeme, kwa sababu huu ndio unaoua pedali nyingi hapa nchini. Pedali nyingi za bei ya chini na ya kati hutumia volti 9, na ncha ya katikati ya plagi yake ni hasi. Adapta za ruta za intaneti kwa kawaida ni volti 9 au 12 na ncha yake ya katikati ni chanya, na za vinanda vingi vya Yamaha ni volti 12 zenye ncha ya katikati chanya pia. Plagi hizo mara nyingi huingia katika tundu la pedali bila kukataa, ndiyo maana mtu hudanganyika. Katika mkesha mmoja wa Pasaka mwenzangu wa rithimu alisahau adapta yake nyumbani, akaazima ya ruta iliyokuwa ofisini. Taa ya pedali iliwaka mara moja kwa mwanga mkali, ikazimika, na baada ya sekunde chache tulisikia harufu ile ya plastiki iliyoungua ambayo mtu akishaisikia mara moja haisahau. Fundi aliyeifungua juma lililofuata alituonyesha alama nyeusi yenye ukubwa wa punje ya mtama karibu na tundu la umeme, akasema haina matengenezo. Mwenzangu aliilipia pedali ile kwa miezi minane, na hakuitumia hata nusu ya muda huo.

Alama ya kuangalia imechorwa kwenye kibandiko cha adapta na pembeni mwa tundu la pedali: ni nukta iliyozungukwa na duara lililo wazi upande mmoja, na kila kimoja kina mstari unaoelekea kwenye alama ya kujumlisha au ya kutoa. Michoro hiyo miwili lazima ifanane, na volti zilingane. Miliampia za adapta zikizidi zinazotakiwa na pedali hakuna dhara, kwa kuwa pedali huchukua inachohitaji. Zikipungua, pedali itazimika katikati ya wimbo au itaanza kutoa mlio wa kuzomea. Nashauri pia mnunuzi aangalie kama pedali inakubali betri. GT-1 na G1 Four zote hutumia betri 4 za ukubwa wa AA, na katika maeneo ambayo umeme hukatika bila taarifa, au katika mikutano ya nje inayotegemea jenereta linaloyumba, sifa hiyo ina thamani kuliko efekti hamsini. Vilevile, kwa wanaopenda kusasisha programu ya pedali kwa kompyuta, kazi hiyo isifanyike siku ambayo umeme unakatikakatika, kwa sababu pedali ikizimika katikati ya usasishaji inaweza isiwake tena.

Nikirudi kwenye efekti zenyewe, ninaamini kwamba muziki wetu unahitaji chache sana. Mbaraka Mwinshehe, mpiga solo wa Morogoro yetu hii, alifariki mwaka 1979, kabla pedali za kidijitali hazijaingia madukani. Pedali ndogo ya kwanza ya dilei (efekti ya kurudia sauti) ya kidijitali, DD-2 ya kampuni ya Boss, ilitoka mwaka 1983. Solo lililowapigisha watu magoti dansini lilitoka vidoleni na kwenye amplifaya. Sisemi haya ili kuwakataza vijana kutumia vifaa vya kisasa, maana mimi mwenyewe nina pedali na ninaipenda. Nasema ili waelewe kwamba kwa sebene safi ninatumia vitu vinne tu: amplifaya safi ya kuigwa, kompresa kidogo ili nyuzi nyembamba zilingane na nene, korasi nyepesi (sauti kana kwamba magitaa ni mawili), na dilei yenye marudio mawili. Rivabu, yaani mwangwi wa kuigwa, naiacha karibu na sifuri, kwa sababu ukumbi wenye kuta za saruji na paa la bati una mwangwi wa kutosha, na kuuongezea mwingine ni kuimwagia maji supu iliyokwisha chujuka.

Dilei inastahili maneno ya ziada, kwa kuwa ndiyo inayoharibiwa zaidi. Marudio yake yanapaswa kuingia ndani ya mapigo ya ngoma, na hesabu yake ni rahisi: gawanya 60,000 kwa idadi ya mapigo katika dakika moja, utapata milisekunde za pigo moja. Wimbo wa mapigo 125 una pigo la milisekunde 480, na nusu yake ni 240, ambayo kwa sebene ndiyo ninayoitumia mara nyingi. Dilei ya 300 katika wimbo huohuo itagombana na haihati (matoazi ya mguu ya ngoma), na wapigaji watadhani mpiga ngoma anakimbia. Pedali nyingi zina njia ya kugonga swichi kwa mguu kufuata mapigo, na mpigaji akijizoeza njia hiyo hatahitaji kukokotoa chochote jukwaani.

Aidha, pedali haiko peke yake. Katika bendi za dansi kama DDC Mlimani Park, solo, solo la pili na rithimu hufumana kama ukili wa mkeka, na kila moja husikika kwa sababu lina mahali pake. Magitaa matatu yakivaa korasi na rivabu kwa pamoja, ufumaji huo hupotea na kuwa ukungu. Nawashauri wapigaji wa kundi moja wakae pamoja wakubaliane: mwenye solo awe na korasi na dilei, wa rithimu abaki mkavu na apunguze besi ili asikanyage gitaa la besi. Makubaliano haya hayagharimu hata shilingi, na matokeo yake husikika papo hapo.

Kosa jingine ni kutengeneza milio, yaani mipangilio inayohifadhiwa ndani ya pedali, chumbani usiku kwa hedifoni, kisha kuipeleka ukumbini ikiwa hivyohivyo. Sikio la binadamu, sauti inapokuwa ndogo, hupunguza kuisikia besi na sauti za juu; Fletcher na Munson wa maabara za Bell, Marekani, walichapisha vipimo vya jambo hili mwaka 1933. Kwa hiyo mtu chumbani huongeza besi na trebo hadi aridhike, na sauti ikipandishwa ukumbini, besi hunguruma na trebo hukata kama wembe, huku sauti za katikati, ambazo ndizo zinazolifanya gitaa lisikike kati ya ngoma na waimbaji, zikiwa hazipo. Mimi hutengeneza mlio nyumbani kwa mara ya kwanza tu, kisha humwomba fundi mitambo dakika chache kabla ya mazoezi, spika zikiwa katika sauti ya ibada, nikaurekebisha palepale na kuuhifadhi. Hapo ndipo pia ninapopima tofauti kati ya mlio wa kusindikiza na wa solo. Desibeli 3 au 4 za nyongeza zinatosha kulitoa solo mbele. Distoshoni hudanganya katika hili: ukiwa peke yako huonekana ina nguvu kuliko mlio safi, lakini bendi nzima ikianza, huzama.

Kuhusu swichi za mguu, nitasema kwa ufupi. Pedali ndogo yenye swichi mbili humlazimu mpigaji kupita mlio mmoja hadi mwingine kwa kufuatana, kwa hiyo milio ipangwe kwa mfululizo wa nyimbo za siku hiyo, na mitano au sita inatosha ibada nzima. Inapowezekana, ni bora kubaki katika mlio mmoja na kuwasha au kuzima efekti moja ndani yake, kwa maana katika pedali nyingi za bei nafuu kuhama kutoka mlio hadi mlio huleta mkatiko mfupi wa sauti na kukata mkia wa dilei, na katika wimbo wa taratibu waumini wote huusikia. Mwenye kuhitaji kupandisha na kushusha sauti wakati anaimba atafute ile yenye kikanyagio chake, kama GT-1 au G1X Four, kwa sababu kuongeza kikanyagio cha pembeni baadaye ni gharama nyingine na waya mwingine wa kukorofisha.

Mhariri, nina maombi mawili kupitia gazeti lako. La kwanza ni kwa wenye maduka ya vyombo vya muziki, hapa Morogoro na hata Kariakoo: waweke kaunta mikisa ndogo na spika moja ya mitambo, ili mnunuzi ajaribu pedali kwa njia atakayoitumia, maana kwa sasa hujaribiwa kwenye amplifaya nzuri ya dukani ambayo mnunuzi hatakuwa nayo. Pia pedali isitoke dukani bila adapta inayoiendana. La pili ni kwa kamati za kwaya na viongozi wa bendi ndogo: wampe mpiga gitaa na fundi mitambo dakika 15 kabla watu hawajaingia, mitambo ikiwa imewashwa kwa sauti ya kawaida. Kijana wa ule usharika jirani sasa amepewa dakika zake hizo kila Jumapili saa 1:30 asubuhi, na kamati iliyomkataza imemruhusu arudi kwenye kiti chake karibu na kinanda.

Wako katika muziki,

Mpiga solo,
Kihonda, Morogoro